Hadithi za ngano zenye picha darasani (awali, la kwanza, la pili): tusomeje ili picha nayo ifanye kazi?

#1 Chaki_na_Ubao

Walimu wenzangu, wazazi na wakutubi mliomo humu, salaam.

Naufungua uzi huu kwa ajili ya vitabu vya hadithi vyenye picha: za Sungura na Fisi, Kima na Papa, mazimwi, mabinti wa sultani, pamoja na zile za Ulaya zilizotafsiriwa. Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) uanze mwaka 2015, kusomea watoto kwa sauti kuna nafasi yake kwenye ratiba. Tatizo ni kwamba kitabu cha hadithi hugeuzwa kitabu cha kiada. Mwalimu anasoma sentensi, darasa linaitikia, picha inaonyeshwa harakaharaka kutoka mbali, halafu linakuja swali la "hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima linajibu "tuwe na adabu", hata kama hadithi ilikuwa ya kobe kumshinda sungura mbio.

Kitabu cha namna hii kina hadithi ya maneno na kina hadithi ya picha, na hizo mbili hazilingani. Maneno ni kazi ya mwalimu. Picha ni kazi ya watoto. Ukisoma maneno kisha ukaieleza na picha ("mnaona hapa Fisi amekasirika, sivyo?"), umeifanya kazi yao, na wao wamebaki kuitikia tu.

Maandalizi. Soma kitabu peke yako mara tatu kabla ya kuingia nacho darasani. Mara ya kwanza soma kawaida. Mara ya pili funika maneno kwa kipande cha karatasi, upite picha peke yake, na kwa kila ukurasa uandike kwenye daftari jambo moja ambalo picha inalijua na maneno hayalisemi. Mara ya tatu soma kwa sauti ukiwa umekishika kitabu ubavuni, kurasa zikielekea mbele, kama utakavyokishika darasani. Ile ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayokupa maswali yote ya wiki.

Chukulia Kima na Papa. Ni hadithi ya zamani ya Pwani. Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 ndani ya kisa cha Punda wa Dobi, pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Unguja, kwa hiyo haina mwenye hakimiliki na yeyote anaweza kuichora upya. Papa anamchukua Kima mgongoni, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha juu ya mkuyu. Maneno ya ukurasa huo yanaweza kuwa mistari miwili tu. Ila mchoraji mzuri ataweka ufuko uonekane kama uzi mwembamba nyuma kabisa, mkuyu uwe mdogo kama kidole, na mikono ya Kima iwe imeng'ang'ania pezi. Mtoto akiuona mkuyu ulivyo mbali, anajua mwenyewe kwamba Kima hawezi kuruka akaogelea. Usimwambie. Uliza, "Kima afanye nini sasa?" halafu nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi tano. Walimu wengi hawafiki mbili.

Kipindi cha dakika 30 huenda hivi: dakika 3 za kukaa, dakika 4 au 5 za jalada na kukisia, dakika 10 hadi 12 za kusoma moja kwa moja ukisimama mara mbili tu, zinazobaki ni mazungumzo. Mara mbili, si kila ukurasa. Ukisimama kila ukurasa, watoto wa nyuma wanapoteza kamba ya hadithi na wanaanza kuchokozana.

Kitabu kimoja kitoshe wiki nzima. Siku ya kwanza ni hadithi tu. Siku ya pili soma tena na uchukue maneno manne au matano yasiyo ya kila siku (kwenye mfano wetu: pezi, mkuyu, sahibu, kina), uyaonyeshe pichani kwanza ndipo uyaandike ubaoni. Siku ya tatu watoto washike kiitikio. Siku ya nne kitabu kifungwe, wasimulie kwa kupanga picha. Siku ya tano wachore ukurasa mmoja na waandike chini yake. La kwanza neno moja au mawili, la pili sentensi moja. Vitabu vitano vikisomwa hivi kwa majuma matano vinaacha kitu kikubwa kuliko vitabu 25 vilivyopitiwa kila kimoja mara moja.

Karibuni muongeze na mkosoe.

---

#2 Mkondo_Mmoja

Mwalimu asante kwa uzi. Lakini hapa tunazungumza darasa la watoto 94 na kitabu kimoja cha A5. Hiyo picha ya ufuko mwembamba nani ataiona?

---

#3 Jamvini

Mkondo_Mmoja umegonga penyewe. Kitabu cha A5 kinaonekana vizuri na watoto 12 hadi 15 waliokaa chini karibu, wa mwisho akiwa mita 2 hivi. Zaidi ya hapo wanaona rangi, hawaoni uso wa Fisi. Kwa watoto 94 kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kugawa darasa. Kikundi kimoja cha 15 mbele kwenye mkeka, waliobaki wana kazi ya kuandika au kuhesabu ambayo wanaiweza bila kuuliza. Ikiwa kazi hiyo ni mpya, watakukatiza na hadithi itakufa. Kila siku kikundi kingine, hadithi ileile. Vikundi vyote vikishaisikia, unawakusanya waigize.

Ya pili ni kitabu kikubwa cha kutengeneza mwenyewe. Kusoma pamoja kwa kitabu kikubwa kulienezwa na Don Holdaway wa New Zealand miaka ya 1970, na lengo lake lilikuwa mtoto wa darasani apate ukaribu ule anaoupata anayesomewa mapajani pa mzazi. Kwa hiyo wasogeze wakae chini karibu. Kitabu kikubwa kilichoning'inizwa ubaoni watoto wakiwa kwenye madawati kimekuwa bango.

Ya tatu ndiyo ninayoipigia debe: kadi za picha za kuvuta. Wajapani wanaiita kamishibai, ilishamiri mitaani kwao miaka ya 1930. Unachora hadithi kwenye kadi 10 au 12 za A3, picha mbele, maneno nyuma. Kadi zinasimama ndani ya fremu ya mbao au ya boksi la karatasi za fotokopi lililokatwa dirisha. Unasimama kando ya fremu, unasoma huku ukiwatazama watoto, unavuta kadi ya mbele na kuipeleka nyuma.

Hapa ndipo watu hukosea: wanaandika maneno ya picha ya 1 nyuma ya picha ya 1. Ukiwa nyuma ya fremu unachokiona ni mgongo wa kadi ya mwisho, sio wa ile ya kwanza. Kwa hiyo maneno ya picha ya 1 yaandikwe nyuma ya kadi ya mwisho, maneno ya picha ya 2 nyuma ya kadi ya 1, ya 3 nyuma ya 2, na kuendelea. Weka namba kwenye kona, mbele na nyuma, kwa penseli. Siku kadi zikianguka chini utajua kwa nini.

Uzuri wa kadi ni kuvuta nusu. Papa anasema "sultani wetu mgonjwa", unavuta kadi hadi nusu, upande wa pili unatokea ufuko ulio mbali, unasimama. Darasa la watoto 94 litanyamaza lenyewe. Kitabu hakina nafasi hiyo, ukurasa ukifunuka umefunuka.

---

#4 Gundi_na_Sindano

Nakazia hapo kwenye kitabu kikubwa kwa upande wa ufundi, maana vingi hufa kabla ya muhula kuisha.

Manila 5 zikatwe nusu, unapata karatasi 10: mbili za jalada, nane za hadithi. Chora upande mmoja tu, wino wa maka hupenya. Acha sm 4 upande wa kushoto bila kitu chochote, hapo ndipo mshono unapita.

Herufi ndogo kama a, e, o zisipungue sm 3 kwenda juu. Mistari iachane sm 5 au zaidi, na kati ya neno na neno pite vidole viwili. Andika kwa herufi za kawaida, usiandike kwa herufi kubwa tupu, kwani mtoto wa la kwanza anajifunza umbo la herufi ndogo na hilo ndilo alione. Wino mweusi au bluu iliyoiva. Nyekundu na njano hazifiki nyuma ya darasa. Sentensi mbili fupi kwa ukurasa zinatosha.

Kukuza picha bila printa: chora miraba ya sm 2 juu ya picha ndogo kwa penseli hafifu, au weka karatasi ya nailoni juu yake uchore miraba hapo ili usiharibu kitabu. Kwenye manila chora miraba ya sm 6. Nakili mraba kwa mraba, uso wa mnyama uwe wa kwanza. Uso ukikosewa, picha nzima inasema kitu kingine.

Kushona: kata vipande viwili vya boksi gumu upana sm 3, kimoja juu ya jalada na kimoja chini. Toboa matundu 5 kwa msumari, sm 2 kutoka ukingoni. Shona kwa uzi wa nailoni wa fundi viatu, anza tundu la katikati, nenda juu, rudi hadi chini, malizia katikati ulikoanzia. Usikaze hadi karatasi zijikunje. Kabla ya kushona, pitisha ncha ya kalamu iliyoisha wino kando ya rula kwenye kila ukurasa, sm 4 kutoka ukingo, ili ukurasa upindie hapo. Bila mkunjo huo kurasa zinakataa kulala, unashika kitabu kwa mikono miwili na hakuna mkono wa kufunulia.

Stepla msihangaike nayo. Inachana manila ndani ya siku chache na ncha zake zinachoma vidole. Gundi ya unga wa ngano nayo inaita mende na inaota ukungu msimu wa mvua. Gundi nyeupe ya mbao, kijiko kimoja kwa nusu kijiko cha maji, ndiyo inayodumu.

---

#5 Mwambao

Asalaam alaykum. Mmetaja picha na gundi, niseme kidogo kuhusu mdomo.

Hadithi ifunguliwe kama hadithi. Paukwa! Pakawa! Au "hadithi, hadithi", nao waitikie "hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea". Mtoto akishaitikia hivyo anajua kwamba yanayokuja ni ya kwenye ngano, na zimwi litakaa humo humo. Kitabu kimefungwa wakati wa kuitikia. Kifunguliwe sauti zikishatulia.

Sauti za wahusika ziwe mbili, zikizidi sana tatu. Fisi mzito na mvivu, Sungura mwepesi wa haraka, msimulizi ni sauti yako. Mwalimu anayempa kila mnyama sauti yake husahau katikati, na watoto ndio wa kwanza kumkamata. Darasa likianza kelele, shusha sauti, usiipandishe. Ukipandisha utashindana nao na koo litakauka kabla ya kipindi cha tatu.

Kiitikio kikiwa na wimbo, uimbwe. Ngano zetu nyingi zina wimbo katikati, na kitabu huuandika kama mistari mikavu kwa herufi za mlalo. Tafuta lahani yoyote ya watoto unayoijua, uiweke. Hapo ndipo mtoto asiyejua kusoma anausoma mstari mzima kwa kuufuata kidole chako, na huo ni mwanzo wa kusoma kweli.

Na kidole hicho kipite chini ya maneno, kisipite juu yake. Nimeona kimetajwa kitabu kikubwa bila kutajwa kidole wala fimbo ya kuonyeshea.

---

#6 Gredi_ya_Kwanza

Kutoka Kenya hapa. Naafikiana na mengi ila moja nalipinga. Chaki_na_Ubao amesema usimame mara mbili tu katika usomaji wa kwanza. Kwa watoto wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na huku kwetu Gredi ya 1 wengi wao ndivyo walivyo, kusoma dakika 12 moja kwa moja kunawaacha njiani. Wanatulia, ndiyo, lakini hawafuati. Wanatazama picha tu na kutunga hadithi yao.

Dawa yake ni kupitia picha zote kwanza kabla ya neno lolote, kurasa zote isipokuwa mbili za mwisho. Kila ukurasa sekunde 20 hivi: nani yuko hapa, yuko wapi, anafanya nini. Wakikosa neno la Kiswahili waseme kwa lugha ya nyumbani, wewe ulirudishe kwa Kiswahili bila kukaripia. Baada ya hapo usomaji unakwenda bila kukatizwa kwa sababu majina ya vitu wanayo tayari.

Maswali yawe ya jozi. "Mwambie jirani yako: Fisi atarudi au hatarudi?" Sekunde 30, halafu unasikia wawili watatu. Ukiuliza darasa zima na kunyooshewa mikono, walewale sita watajibu mwaka mzima.

---

#7 Chaki_na_Ubao

Gredi_ya_Kwanza, nakubali kwa lugha ya pili. Na kuziacha kurasa mbili za mwisho ni jambo zuri, linaokoa mwisho wa hadithi usiliwe mapema. Nitaongeza tu kwamba mwalimu asitumie upitiaji huo kusimulia hadithi yote kwa maneno yake, maana kishawishi ni kikubwa. Nani, wapi, anafanya nini, basi. "Kwa nini" isubiri maneno.

---

#8 Mlezi_wa_Awali

Swali langu ni mazimwi. Watoto wa miaka 5, picha ya zimwi limefungua kinywa ukurasa mzima. Wengine wanalia, wengine wanacheka, wazazi wanalalamika kwamba mtoto halali. Tuviondoe vitabu hivyo?

---

#9 Mwambao

Visiondolewe, dada. Mtoto anajua hofu hata bila kitabu, na ngano inampa hofu yenye mwisho. Kuna taratibu zake lakini.

Usimalize kipindi kwenye ukurasa wa kumezwa. Kama kengele inakaribia, ni heri uache kuanza kuliko kuishia pale zimwi limeshiba. Ukurasa wa kinywa usikae mbele ya macho yao muda mrefu: soma mistari yake, geuza, mara ya pili watakuomba wenyewe uurudie. Mtoto mwoga akae ubavuni mwako, upande wa kitabu, akishike mgongo wake. Anayeshika kitabu hakiogopi. Katika usomaji wa pili wape kazi ya kutafuta kasoro ya zimwi pichani: miguu haina viatu, jino moja limeoza, limefunga mkanda wa ukili. Mchoraji mzuri huwa ameweka kitu cha namna hiyo.

Lililo baya kuliko yote ni lile la mwalimu kulitumia zimwi baadaye: "msiponyamaza nitamwita zimwi wa kwenye kitabu". Kuanzia siku hiyo kona ya vitabu ni mahali pa adhabu, na hakuna mtoto atakayekwenda huko kwa hiari yake. Tafadhalini sana.

---

#10 Somafuraha

Na zile za kizungu? Msichana mwenye kofia nyekundu, dubu watatu, binti na kiatu. Shule nyingi za binafsi zinazo hizo tu, za misaada, na picha zake ni nzuri mno. Theluji, mabomba ya moshi juu ya paa, majumba ya mawe.

---

#11 Jamvini

Zisomwe, ila kwa kuchagua toleo. Hadithi ya kofia nyekundu kwa mfano ina miisho zaidi ya mmoja. Kwa Charles Perrault, Ufaransa 1697, mtoto analiwa na hadithi imekwisha. Kwa ndugu Grimm, Ujerumani 1812, mwindaji anakuja kuwatoa tumboni bibi na mjukuu. Kitabu kilichopo shuleni kwako kinaweza kuwa kimefuata mojawapo au kimelainisha yote, kwa hiyo fungua ukurasa wa mwisho kabla hujakipeleka darasani.

Kwa vitu vigeni, hesabu. Pitia picha uone vitu ambavyo mtoto wa hapo hajawahi kuviona. Vikiwa viwili au vitatu, vionyeshe kabla ya kusoma na hadithi itaenda. Vikiwa kumi, picha haimsaidii tena, inampa kazi ya pili. Dubu hana shida, ni mnyama mkubwa mwenye manyoya na picha inatosha. Shida ni pale tendo zima linategemea kitu kigeni, kama mtu kuingia ndani kupitia bomba la moshi la paa. Hilo lichore ubaoni, nyumba iliyokatwa katikati, moto chini na tundu juu, ndipo usome.

Jambo jingine: pembeni yake wekeni ngano ya kwetu yenye umbo lilelile. Mtoto anayekaidi onyo na kukutana na mla watu njiani yuko kwenye hadithi zetu tele. Watoto wa la pili wanaweza kulinganisha: nani alimdanganya nani, nani aliokoa. Mazungumzo ya hapo ni mazito kuliko "inatufundisha nini".

---

#12 Steshenari_ya_Kona

Upande wa kupata vitabu. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na taasisi ya Saide, una hadithi nyingi za Kiswahili, zinapakuliwa bure. StoryWeaver wa Pratham Books, India, nao wana za Kiswahili. Hizi zina leseni ya Creative Commons: unaruhusiwa kuchapa na kugawa, mradi majina ya mwandishi, mchoraji na leseni yabaki. Soma mstari wa leseni wa kila kitabu, maana vingine vimezuiwa kwa biashara. Vitabu vya dukani ni habari nyingine, hivyo vinunuliwe. Kuvitolea kopi ni kumnyima mwandishi wetu jasho lake.

Kuchapa kijitabu cha A5: kila karatasi ya A4 inabeba kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Hadithi ya kurasa 14 ijazwe hadi 16, hizo mbili ziwe za watoto kuchora. Kurasa 16 ni karatasi 4. Chagua mpangilio wa kijitabu, pande mbili, na mgeuko wa upande mfupi wa karatasi. Ukiacha upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka vichwa chini, na hilo ndilo kosa linaloleta watu kurudi dukani na rundo la karatasi zilizoharibika. Toa nakala moja, ikunje, ifungue kurasa zote, ndipo utoe thelathini.

Kwa nyeusi na nyeupe, chagua hadithi zenye michoro ya mistari. Picha za rangi nzito, usiku au msitu, hutoka doa jeusi na mhusika haonekani. Jaribu ukurasa wa giza kuliko yote kwanza. Huo ukisomeka, vyote vitasomeka.

---

#13 Mkutubi_wa_Shule

Kutunza. Jalada livikwe nailoni ya madaftari, ikunjwe ndani sm 4 na kubanwa na selotepu kwenye nailoni yenyewe, isishike karatasi. Selotepu kwenye ukurasa uliochanika huwa ya njano na kuchana zaidi. Tumia kipande cha karatasi nyembamba na gundi nyeupe.

Vitabu vya picha vina migongo myembamba, vikisimamishwa kwenye rafu havionekani. Mtoto asiyejua kusoma anachagua kwa jalada, kwa hiyo funga kamba ukutani kwa urefu wa kifua cha mtoto, vibanio vya nguo, kila kitabu kionyeshe uso. Kamba isiwe dirishani, jua linakula rangi na kukausha gundi. Usiku vyote virudi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, panya na mchwa wakose pa kuanzia. Boksi la karatasi sakafuni ni karamu ya mchwa.

Na jamani watoto wavishike. Kitabu kilichofungiwa kabatini ofisini hakichakai, lakini hakisomwi. Mikono ikipanguswa na ukurasa ukifunuliwa kwa kona ya juu, kitadumu.

---

#14 Ishara

Nyongeza fupi kwa wenye watoto viziwi au wenye uoni hafifu darasani. Kiziwi hawezi kutazama picha na mikono yako kwa wakati mmoja. Onyesha picha, nyamaza, subiri macho yake yarudi kwako, ndipo utoe ishara za ukurasa huo. Usigeuze ukurasa kabla hajamaliza. Mwenye uoni hafifu apewe nakala yake mkononi, na akae pale mwanga wa dirisha unapopiga kitabu. Kwa wote: usisimame umelipa dirisha mgongo, wataona kivuli chako tu na kitabu cheusi. Karatasi inayong'aa iinamishwe kidogo mbele ili isirudishe mwanga machoni.

---

#15 Mkondo_Mmoja

Nashukuru sana, kadi za kuvuta nitazitengeneza. La mwisho: wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wakija wakakuta watoto wanasikiliza hadithi ya Papa na Kima, kwenye andalio la somo naandika nini, na upimaji upi nitawaonyesha?

---

#16 Chaki_na_Ubao

Mkuu, andika kitendo kinachopimika: "mwanafunzi aweze kupanga matukio ya hadithi aliyosomewa kwa mfuatano sahihi na kueleza sababu ya tendo la mhusika mmoja". "Kufurahia hadithi" ni kweli lakini hakipimiki.

Upimaji: picha 5 za hadithi ileile kwenye kadi ndogo, zimechanganywa. Mtoto anazipanga mezani kisha anasimulia. Kwa Kima na Papa ziwe: kula matunda ya mkuyuni, kupanda mgongoni, katikati ya bahari, kurudi ufukoni, Kima juu ya mti. Andika kwenye daftari mambo mawili tu, mpangilio (sahihi / kadi ngapi zimekosewa) na sababu (ametoa / hajatoa). Swali la sababu ni "kwa nini Papa alikubali kurudi?" Anayejibu "kwa sababu Kima alisema" amesikia. Anayejibu "kwa sababu aliamini moyo uko kwenye mti" ameelewa. Mtoto mmoja dakika 2, kwa hiyo watoto 8 hadi 10 kwa siku wakati wengine wanachora. Kwa 94 ni majuma mawili ya shule, ukitumia hadithi mbili.

Atakayekosea kadi ya tatu na ya nne, usimwambie jibu. Zote mbili zina bahari, Papa na Kima. Mpe kitabu arudi kwenye kurasa hizo, atazame mkuyu uko mbali au karibu.